Darasa la Mashine

Inspekta hakuwa amemaliza hata nusu ya chai yake mama yule alipoingia kituoni, akaketi kwenye benchi la wageni, simu ameishika kwa mikono miwili kana kwamba itamponyoka. Ilikuwa mara ya ngapi, Inspekta hakukumbuka tena. Tangu mwanawe mdogo, mwalimu wa fizikia, atoke nyumbani na begi mgongoni na asirudi, mama huyu alikuwa amekizoea kituo kuliko baadhi ya askari wake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Leo sikuja kukusumbua. Nimekuja kukuambia tena: mwanangu yu hai.”

Inspekta alisukuma kikombe pembeni. Jino la nyuma lilikuwa linampwita tangu juzi na dawa alizomeza hazikuwa zimemsaidia kitu.

“Umemwona?”

“Nimeona mashine zake.” Akamnyooshea simu. “Jirani alinionyesha pa kubonyeza. Tazama mwenyewe.”

Inspekta alivaa miwani. Ukurasa ule aliujua, kwa sababu Koplo alikuwa amemweleza habari zake mara mbili, na mara ya pili ndipo alipoelewa. Wanasayansi wanaotafuta dawa huwa na hesabu kubwa mno kwa kompyuta yoyote waliyo nayo. Basi huzikata vipande vidogo vidogo, wakavisambaza kwa yeyote duniani aliye tayari kuazima kompyuta yake bila malipo. Kompyuta ikimaliza kipande chake, hutuma jibu, na ukurasa huonyesha nani katuma nini. Mwalimu alikuwa mmoja wa hao waliojitolea. Ila yeye hakutumia kompyuta za kawaida. Alitumia zile ndogo za bodi moja, ukubwa wa kiganja, zisizo na kioo wala sanduku, na kila aina mpya aliipima: inafanya kazi kiasi gani, na inakula umeme kiasi gani kwa kazi hiyo. Majibu yake aliyachapisha mtandaoni ili watu wasio na umeme wa kuchezea wajue ipi inafaa. Alizipa majina kama wanafunzi. Iliyokuwa na mbio aliiita Monita. Iliyokuwa ikizimika ovyo aliiita Mtoro.

“Monita katuma kazi asubuhi hii,” mama alisema. “Asubuhi hii, baba! Alitoka nazo kwenye begi, nilimwona kwa macho yangu. Sasa kama zinafanya kazi, na yeye si yuko nazo?”

Nyuma yake, mlangoni, alisimama mwanawe mkubwa aliyemleta. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea, bonge la mtu, mikono imejaa makovu ya cheche. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ya mafundi wa kuchomelea huwa hivyo siku zote.

“Mama, twende,” Fundi alisema kwa sauti ya chini. “Mwache Inspekta afanye kazi yake. Na mimi kazi zinanisubiri.”

Inspekta alimrudishia mama simu. Hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba mashine haiulizi mwenyewe yuko wapi. Ukiichomeka kwenye umeme, inafanya kazi.

“Nitalifuatilia, mama,” alisema.

“Najua. Wewe hujanichoka.”

Alikuwa amechoka. Si naye, bali na kila kitu. Walipoondoka, Mkuu wa kituo alipita na kuegemea meza.

“Mama mwenyewe kasema yu hai. Mtu mzima kaondoka na vitu vyake, hataki kupatikana. Funga hilo faili.”

“Nipe leo tu, afande.”

“Ulisema hivyo wiki iliyopita.”

“Wiki iliyopita mashine zilikuwa na mtu. Leo pia zina mtu. Nataka kumjua.”

Mkuu aliguna, akaenda zake. Koplo, mwanamke mkimya mwenye kuandika kila neno, alivuta kiti.

“Kampuni ya simu wamejibu,” alisema. “Mashine zinatumia intaneti ya kadi ya simu. Imesajiliwa kwa jina la Mwalimu mwenyewe. Mnara unaoipokea uko upande wa viwandani.”

“Mnara mmoja unahudumia watu wangapi?”

“Nusu ya mji, afande.”

“Haya. Twende kwa Feni.”

*

Feni hakuwa amepewa jina hilo na mama yake. Alikuwa fundi wa kompyuta za maofisi, na jina alilipata mtandaoni kwa sababu kila aliyemwomba ushauri alimjibu jambo moja: weka feni. Chumba chake kilikuwa na baridi kama friji la bucha. Kiyoyozi kilinguruma ukutani, na kwenye rafu kompyuta ndogo zilijipanga, kila moja na kifeni chake.

Koplo alimwekea mezani karatasi aliyoichapisha. Ilikuwa na maneno ambayo Feni alimwandikia Mwalimu kwenye baraza la mtandaoni la wapima mashine, siku chache kabla hajapotea.

“Yasome,” Inspekta alisema.

Feni alimeza mate. “‘Safari hii nitakuzima mbele ya watu wote.’”

“Kisha akazimika.”

“Inspekta, jamani! Nilimaanisha majibu yake! Mimi na Mwalimu tunarushiana maneno namna hiyo siku zote. Muulize yeyote kwenye baraza.”

“Mligombania nini?”

“Vipimo.” Feni alijishika kichwa. “Mimi nilitangaza kwamba bodi fulani mpya ndiyo inayofanya kazi nyingi kwa umeme kidogo kuliko zote. Mwalimu akaja juu. Akaniuliza, hiyo feni yako inakula umeme wa nani? Hicho kiyoyozi je? Mbona hujavihesabu?”

“Ulikuwa umevihesabu?”

“Sikuvihesabu.” Alitazama sakafu. “Akasema watu wanaotusoma hawana vyumba kama hiki. Wana joto, wana vumbi, wana umeme wa kuruka ruka. Akasema atazipeleka bodi mahali pabaya kabisa, azipime huko, halafu tuone ya nani itaongoza.”

“Mahali gani?”

“Hakusema. Aliandika tu, ‘Nimepata mahali pabaya pazuri.’ Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.”

“Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?”

“Safarini. Nilikuwa nafunga mashine kwenye benki, mji mwingine. Nililala huko.”

Koplo alitoka nje kupiga simu. Inspekta alilibembeleza jino kwa ulimi. Feni alifuta meza iliyokuwa safi tayari. Koplo aliporudi alitikisa kichwa kidogo: meneja wa benki kathibitisha, na kitabu cha wageni cha hoteli pia.

Basi. Yule waliyemshuku kwa wiki nzima alikuwa ameponyoka, na hakuna aliyebaki. Inspekta alishika magoti ili ainuke. Kisha akabadili mawazo.

“Wewe ni mpimaji,” alisema. “Ukizitazama mashine za Mwalimu kutoka hapa, unaweza kuniambia nini?”

“Kutoka hapa? Mbio zake tu. Na zilipozimika na kuwaka.”

“Nionyeshe.”

Feni aligeukia kioo. Alifungua ukurasa wa Mwalimu, akaingia ndani zaidi, kwenye kumbukumbu ambazo mama hakuonyeshwa. Akakunja uso.

“Hizi zinateseka,” alisema.

“Kivipi?”

“Usiku zinakwenda vizuri, moja kwa moja mpaka asubuhi. Ikifika saa za kazi, vurugu. Zinazimika, zinawaka, zinaanza upya, zinazimika tena. Tena zote kwa pamoja, si Mtoro peke yake.”

“Joto la mchana,” Koplo alisema.

“Hapana, dada. Joto lina adabu. Linapanda na jua, linashuka na jua, na mashine inapunguza mwendo taratibu kama mtu anayepanda kilima. Hizi zinapigwa kofi.” Aligonga meza na kiganja. “Umeme unaanguka ghafla, halafu unarudi. Kwenye waya huohuo kuna kitu kikubwa kinachovuta.”

“Kitu gani? Pampu? Mashine ya kusaga?”

“Hivyo vinavuta sana wakati wa kuwaka tu, kisha vinatulia. Hiki kinavuta, kinaachia. Kinavuta, kinaachia. Mchana kutwa.”

Inspekta alisahau jino. Aliona mikono yenye makovu ya cheche mlangoni mwa ofisi yake.

“Mashine ya kuchomelea?”

Feni alifikiri, akaitikia. “Ingefanya hivyohivyo. Hasa ikiwa waya wenyewe ni wa kuungaunga.”

“Afande,” Koplo alisema polepole, “upande wa viwandani wachomeleaji wako kila kona.”

“Ndiyo. Lakini mmoja wao Jumanne iliyopita alishinda kituoni, tumemweka kwenye benchi akiandika maelezo.” Alimgeukia Feni. “Jumanne. Tazama mchana wake.”

Feni alishuka kwenye kumbukumbu. “Ajabu. Jumanne zilifanya kazi kutwa, hazikukatika hata kidogo.”

“Na leo?”

“Leo zimetulia asubuhi mpaka…” Alisogeza uso karibu na kioo. “Mpaka sasa hivi tu. Nusu saa haijapita. Ndiyo kwanza vurugu zimeanza.”

Koplo aliacha kuandika. Muda huo, kwa makadirio yoyote, ulitosha kwa mtu kumrudisha mama yake nyumbani, kwenda karakana na kuwasha mashine.

“Siku mbili si ushahidi,” Inspekta alisema akiinuka. “Ila zinatosha kunipeleka kubisha hodi.”

*

Karakana ya Fundi ilikuwa kibanda cha mabati mwisho wa safu ya vibanda kama hicho. Uwanjani kulikuwa na mageti ambayo hayajapakwa rangi, na nyuma, ukutani, rundo la vyuma chakavu. Fundi alikuwa amepiga magoti anachomelea nondo za dirisha. Alipoona viatu vya Inspekta, aliinua ngao ya uso.

“Karibuni. Kuna habari?”

“Endelea na kazi yako, fundi. Usisimame kwa ajili yetu.”

“Hapana, nakusikiliza.”

“Nakuomba uendelee. Koplo anataka kuangalia kitu huko ndani wakati unachoma.”

Fundi alimtazama Koplo, akautazama mlango wa stoo uliofunikwa pazia la turubai. Koleo lenye kijiti cha kuchomelea lilikuwa bado mkononi mwake. Aliliweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayelaza kitoto.

“Choma, fundi,” Inspekta alisema.

“Sichomi.”

Wala hakuinuka. Koplo alivuta pazia. Kwenye rafu ya mbao, mbali na vumbi la chuma, kompyuta ndogo za Mwalimu zilikuwa zimepangwa safu moja, taa zake za kijani zikipepesa. Kitambaa safi kilitundikwa mbele yake. Pembeni kulikuwa na kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, na begi la mgongoni, tupu, limekunjwa vizuri.

“Zipo, afande. Zote.”

Inspekta alivuta debe akaketi. Sasa walikuwa wanatazamana usawa mmoja, yeye na Fundi.

“Yuko wapi mdogo wako?”

Fundi alivua glovu, moja, kisha nyingine.

“Alikuja kwa furaha,” alisema. “Akaniambia, kaka, kwako ndiko mahali pabaya kuliko pote mjini, sina budi kuzileta hapa. Tukacheka. Akazipanga mwenyewe. Halafu akawa anatazama hicho kipimo chake, anaguna. Umeme unashuka mno, anasema, kuna kitu hakiko sawa kwenye nyaya zako. Nikamwambia achana nazo. Wewe unamjua Mwalimu? Haachani na kitu.”

“Akafuata nyaya.”

“Akafuata nyaya. Akapanda ngazi, kule.” Alionyesha kwa kidevu pembe ya ukuta, ambako waya mweusi uliingia kutoka nje chini ya bati. “Akaniambia, kaka, zima swichi kuu. Nikazima. Akauliza, umezima? Nikamwambia nimezima. Na nilizima kweli, Inspekta, naapa. Lakini waya ule haupiti kwenye swichi. Haupiti hata kwenye mita. Niliuunga mwenyewe kwenye nguzo.”

Koplo alikuwa amesimama juu ya ngazi ileile, anamulika na tochi. “Ni kweli, afande. Umeungwa moja kwa moja. Na hapa pameungua.”

“Kwa nini hukumwambia?”

“Niliona haya. Yeye kila siku ananiuliza, kaka, unatumia umeme kiasi gani. Anahesabu mpaka umeme wa kipande cha bodi kama biskuti. Mimi mkubwa wake nimsimulie kwamba naiba?” Alijifuta uso kwa kiwiko. “Nikasema moyoni, ataangalia tu, hatagusa.”

Nje, kibanda cha jirani, mtu alikuwa anagonga bati. Inspekta alingoja kelele zipungue.

“Ungekimbilia hospitali. Ungekuja kwetu.”

“Alikuwa amekwisha. Nilimbeba, nikamshusha, nikambeba tena. Mpaka jioni. Halafu nikafikiria mama.” Alionyesha rundo la vyuma chakavu uwanjani, hakulitazama. “Yuko chini ya hivyo. Nilikusudia kumwambia mama kesho yake. Na hizi mashine, nilikuwa nimeshika nyundo nizivunje. Mama akapiga simu. Anacheka, analia. Jirani kamwonyesha kwenye simu mashine zinafanya kazi. ‘Mdogo wako yu hai,’ ananiambia. Nyundo ninayo mkononi.”

“Ukaziacha.”

“Zinajiendesha zenyewe, mimi sijui hata zinafanya nini. Naongeza tu salio la intaneti. Na kuzifuta vumbi.”

Koplo alishuka kwenye ngazi. Alitoa pingu, na Fundi alinyoosha mikono bila kuambiwa.

“Nizizime mashine, afande? Ni vielelezo.”

“Usizizime,” Fundi alisema haraka. “Nakuombeni. Mama anaangalia simu. Akiona zimezimika naye yuko peke yake nyumbani, ataanguka. Aambiwe kwanza.”

“Piga picha,” Inspekta alimwambia Koplo. “Mengine baadaye. Mwite mtu wa shirika la umeme aje aukate waya nguzoni, lakini asikate mpaka nirudi. Na wachimbaji waje.”

*

Habari za namna ile hazitumwi kwa simu wala kwa koplo. Inspekta alikwenda mwenyewe, akamkuta mama anapepeta mchele kibarazani, simu iko kwenye mkeka, kioo juu. Alimwambia akiwa amesimama, yote, bila kuzunguka. Mama hakupiga kelele. Aliusogeza ungo kando, akaichukua simu, akaitazama kidogo, kisha akaigeuza kifudifudi.

“Nipeleke,” alisema.

Walipofika, vyuma chakavu vilikuwa vimeondolewa, na watu wawili wa manispaa walikuwa tayari wanachimba. Fundi aliketi kwenye debe, pingu mikononi. Alipomwona mama yake aliinuka nusu, akaketi tena.

Mama alisimama mbele yake.

“Ni kweli?”

“Kweli, mama.”

“Aliita?”

“Hakuwahi.”

“Ulimlaza vipi?”

“Kwa ubavu. Nikamfunika koti langu la kazi.”

“Na kila siku ulikuja nyumbani, ukakaa, ukanisikiliza nikisema yu hai.”

“Kila siku, mama.”

Hakumpiga, hakumlaani. Inspekta, ambaye katika kazi hii ameona akina mama wa kila aina, alijikuta akitamani afanye mojawapo. Badala yake mama aligeuka kutazama shimo. Wachimbaji walikuwa wanashindilia sepetu kwa miguu na kurusha udongo kando, wakizungumza kuhusu gari lao bovu.

“Mfungue huyu mikono,” mama alisema.

“Mama, sheria hairuhusu.”

“Hao wanachimba kama wanatafuta bomba la maji. Watamkata. Anayejua mwanangu amelala vipi ni huyu tu. Mfungue, amtoe kwa mikono yake.”

Koplo alimsogelea Inspekta. “Afande, daktari wa polisi hajafika. Mtuhumiwa haruhusiwi kugusa. Mkuu atatuuliza.”

“Ataniuliza mimi,” Inspekta alisema. “Andika kwamba nilitoa amri.”

Alitoa ufunguo. Pingu zilipofunguka aliwaambia wachimbaji watoke. Walitoka, wakaegemea sepetu zao.

Fundi aliingia shimoni. Alipiga magoti, akaanza kukwangua udongo kwa viganja, akiuchota na kuuweka juu kidogo kidogo. Mama alivua viatu. Inspekta alimshika mkono akitaka kumzuia, kisha akaona afadhali amsaidie kushuka, akamshusha.

“Polepole,” mama alimwambia mwanawe. “Kichwa kiko upande gani?”

“Huku, mama.”

Akahamia huko, akapiga magoti.